Burton wa 1860 kanifikia mlangoni, Mnyampala wa 1954 simpati Dodoma nzima. Kwa nini?

#1 Mwana wa Mvumi
Wakuu, mbukwenyi.

Mwezi jana nimepokea kitabu nilichoagiza ng'ambo. Ni safari ya Richard Burton, ile aliyopita Ugogo na mwenzake Speke mwaka 1857, ikachapwa London 1860 kwa jina The Lake Regions of Central Africa. Nimepata juzuu ya kwanza tu. Ni chapa ya siku hizi: kurasa zimepigwa picha kutoka nakala iliyomo kwenye maktaba ya taifa ya Uingereza, zikachapwa upya na kugandishwa mgongo kwa gundi. Pamoja na usafiri na ushuru imenitoka elfu 85.

Pesa siilalamikii. Nikishafunga duka nakaa nacho, nafuata mstari kwa kidole maana herufi ni ndogo na Kiingereza chake kizito. Muhuri wa maktaba umebaki palepale kwenye picha ya ukurasa. Mara ya kwanza niliugusa nikidhani ni wino mbichi.

Kinachoniuma ni hiki. Wiki hiyohiyo nilianza kutafuta Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, cha Mathias Mnyampala, kilichotoka 1954. Nimeuliza maduka ya vitabu mjini, wauza vitabu vya mitumba, walimu wastaafu wawili, mpaka wazee wa kanisa nyumbani Mvumi. Wote wanakijua, hakuna aliye nacho. Mgeni aliyepita kwetu majuma machache ananifikia mlangoni, mtu aliyezaliwa Ihumwa simpati. Tatizo ni nini hasa?

La pili, ramani ya Burton imenijia nusu. La tatu, majina mengi ya Ugogo humu siyatambui. Wajuzi njooni.

#2 Kijana wa Makole
Nakaa siti ya mbele. Mkuu, hebu fungua hapo alipofika Dodoma, tuone aliiandikaje.

#3 Mwana wa Mvumi
Nimepitia sura yote ya Ugogo mara mbili. Dodoma haimo.

#4 Mpwapwa Juu
Na haiwezi kuwemo, wakuu. Misafara ilikuwa inapanda kutoka pwani, inavuka milima ya Usagara, inapumzika huku kwetu, halafu inaingia nyika ya Marenga Mkali kabla ya kuikuta Ugogo. Mji wa Dodoma umekuja na Wajerumani na reli. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Kigoma 1914. Burton kapita miaka hamsini nyuma, angeukuta wapi?

Mpwapwa ndiyo ilikuwa mji wa kutajwa. Stanley alipopita 1871 alimwacha hapa mwenzake Farquhar akiwa mgonjwa, akafia hapahapa.

#5 Zabibu ya Hombolo
Mpwapwa mmeanza kujidai asubuhi yote hii 😄 Lakini jina lilikuwepo kabla ya reli. Tembo alikuja kunywa maji kijito cha Kikuyu, akazama kwenye tope, watu wakasema idodomya, amedidimia.

#6 Nyota ya Manyoni
Tembo ndiyo hadithi ya shuleni. Mimi niliyolelewa nayo ni ya ng'ombe. Watu waliiba ng'ombe wa jirani zao, wakala nyama yote, mikia wakaichomeka kwenye tope. Wenyewe walipofuata wakaambiwa: tazameni, ng'ombe wenu wamedidimia.

#7 Kijana wa Makole
Hiyo ya mikia ndiyo ninayoiamini. Ina akili.

#8 Wakili wa Area D
Turudi kwa mleta mada. Jibu la swali la kwanza ni haki miliki, basi. Burton alifariki 1890. Kazi yake haina mwenyewe wa kuombwa ruhusa popote duniani, mtu yeyote mwenye mashine anachapa. Mnyampala alifariki 1969. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999 haki inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo. Mchapaji mwenye akili hagusi kitabu cha namna hiyo bila kibali.

#9 Mzee wa Kongwa
Wakili, piga hesabu vizuri. 1969 ongeza 50 ni 2019. Miaka hiyo imeshapita. Mbona bado hatukioni?

#10 Wakili wa Area D
Shikamoo mzee. Hesabu yako ni sahihi kwa hapa nyumbani, nilipaswa kuimalizia. Lakini Uingereza wanahesabu 70, na mtu anayeuza vitabu dunia nzima kwa mtandao anaangalia sheria za kule anakouza. Kwa hesabu ya 70 inaweza kwenda mpaka mwisho wa 2039. Ndiyo maana wanakimbilia karne ya 19, hakuna wa kubishana nao.

#11 Mkutubi Mstaafu
Nimefanya kazi ya maktaba miaka mingi, naomba niongeze. Sheria ni sehemu tu. La msingi ni nani alilipia kupiga picha.

Maktaba ya taifa ya Uingereza ilishirikiana na kampuni ya Microsoft, wakapiga picha vitabu kama 65,000 vya karne ya 19: safari, historia, mashairi, riwaya, jiografia. Desemba 2013 wakatoa picha zaidi ya milioni moja zilizokatwa kutoka kurasa hizo, wakaziweka Flickr bure kwa kila mtu. Hapo ndipo vitabu vingi vya aina hii vinapotokea. Picha zikishakuwepo, kuchapa nakala moja ya mtu mmoja wa Dodoma ni kazi ndogo.

Cha Mnyampala ni cha karne ya 20, kilikuwa nje ya mradi ule tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekaa akasema tumwache Mgogo. Walichora mstari kwenye mwaka, na sisi wote tulioandika kwa Kiswahili baada ya uhuru au kabla yake kidogo tukabaki upande wa pili wa mstari.

#12 Zabibu ya Hombolo
Asante sana mkutubi. Lakini hao si ni watu wa tangu 1753? Wamekusanya kwa karibu miaka 300, lazima wawe na kila kitu.

#13 Mkutubi Mstaafu
Hapana, 1753 ni British Museum. Maktaba ilikuwa ndani ya jumba la makumbusho. Ilitengwa kwa sheria ya 1972 na kuanza kama British Library 1973. Ndiyo maana Mwana wa Mvumi akiutazama vizuri muhuri wake huenda akasoma British Museum. Kitabu cha 1860 kiliingia kabla ya maktaba kupata jina lake la sasa.

#14 Mwana wa Mvumi
Nimetoka kuutazama kwa tochi ya simu. Ni kweli, British Museum. Asante mzee.

#15 Mzee wa Kongwa
Wakili kasema sheria, mkutubi kasema fedha ya picha. Mimi nasema hapana, chanzo ni kufa kwa mchapishaji.

Kitabu kile kilitolewa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948 na makao yake Nairobi. Nikiwa kijana vitabu vyao vilikuwa kila mahali, vyembamba, bei ya mtu wa kawaida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na wao wakaisha. Upande wa Kenya kukazaliwa shirika lao la vitabu. Upande wetu nani alirithi mabamba ya chapa? Nani alirithi mikataba? Mwandishi alikuwa ameshafariki miaka minane. Kitabu kikabaki yatima wa baba na mama.

#16 Binti Kondoa
Mzee wa Kongwa umenena, na mimi naleta linalouma zaidi. Kitabu hicho KIPO. Ila kwa Kiingereza. Mwanahistoria Gregory Maddox alikitafsiri na kukiandikia utangulizi, kikatoka Marekani 1995 kwa jina The Gogo: History, Customs, and Traditions. Nilikisoma nikiwa chuoni. Nimesoma mila za Ugogo zilizoandikwa kwa Kiswahili na Mgogo, kupitia Kiingereza, nikiwa nimekaa Dodoma. Kila nikifika neno nilikuwa najiuliza Mnyampala mwenyewe aliliandikaje.

#17 Kijana wa Makole
Dah. Hapo umenigusa dada.

#18 Nyota ya Manyoni
Kwa hiyo haki si tatizo? Kama kilitafsiriwa 1995, basi kuna mtu aliombwa kibali na akatoa.

#19 Wakili wa Area D
Hoja nzuri. Ila tafsiri ina haki yake yenyewe. Kibali cha kutafsiri si kibali cha kurudisha Kiswahili sokoni.

#20 Mkutubi Mstaafu
Na kuna jambo la tatu, au la nne sasa. Watu wanauliza maktaba yetu ya taifa ilikuwa wapi. Bodi ya Maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963. Maktaba Kuu pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Utaratibu wa mchapishaji kuwasilisha nakala za kila kitabu kipya nao umekuja baada ya uhuru. Kitabu cha 1954 kimetoka miaka tisa kabla ya hapo, tena mchapishaji yuko Nairobi. Hakuna sheria iliyomlazimu kutuletea. Vya nyuma vyote vilitegemea ununuzi na zawadi za watu. Anayekihitaji leo ajaribu pia mkusanyo wa Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

#21 Fundi Chapa
Naona swali la ramani limeachwa, na hilo ndilo langu. Nina steshenari, nachapa na kujalidi vitabu na taarifa za wanafunzi hapa mjini.

Kwenye vitabu vile vya zamani ramani ilikuwa karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne au sita, ikagandishwa ndani. Mashine ya kupiga picha imewekewa kipimo kimoja cha ukurasa. Mpiga picha ana vitabu elfu mbele yake, kila siku ana idadi ya kutimiza. Akifika kwenye karatasi iliyokunjwa, akiikunjua inabidi asimamishe kazi na kubadili kipimo. Akiiacha kama ilivyo, inatoka ile nusu inayoonekana juu. Na hata angeikunjua, mchapaji anatumia karatasi ya saizi moja mwanzo hadi mwisho, ataikata au ataifinya mpaka majina hayasomeki. Mimi mwenyewe mteja akiniletea mchoro wa A2 ndani ya taarifa ya A4 namwambia huo tuuchape pembeni.

Mkuu, angalia nusu yako kama kuna mistari hafifu ya msalaba. Hiyo ni mikunjo.

#22 Mwana wa Mvumi
Ipo! Miwili ya kusimama na mmoja wa kulala. Nilidhani ni mito.

#23 Zabibu ya Hombolo
Mito Ugogo, mkuu? 😄 Utakuwa si mtu wa Mvumi wewe.

#24 Fundi Chapa
Na ukitaka kununua tena, uliza kwanza kama ni picha za kurasa au ni maandishi yaliyosomwa na kompyuta. Hayo ya kompyuta yana balaa. Mteja aliniletea kimoja nimgandie jalada, kila penye jina la Kiafrika kuna herufi zilizovurugika na alama za ajabu. Kompyuta imefunzwa Kiingereza, ikikuta Mgunda Mkali inabuni.

#25 Binti Kondoa
Si Burton peke yake, jamani. Kwenye vitabu vya aina hii kuna vya fasihi pia. Mimi na wanangu tunasoma hadithi alizokusanya Askofu Steere Unguja, zilizochapwa London 1870. Ukurasa mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza. Humo mna kisa cha punda wa dobi, mna Sultani Darai. Mwanangu wa darasa la nne anasoma Kiswahili cha miaka 150 iliyopita na kucheka bila mimi kumweleza. Mara mojamoja ananiuliza neno, nami sijui, tunampigia bibi yake.

Kwa hiyo si kila kilichomo kwenye maktaba zao ni cha kwao. Vingine ni sauti zetu zimekwenda kukaa huko.

#26 Mpwapwa Juu
Nakazia. Sasa majina. Mleta mada tupe yanayokushinda.

#27 Mwana wa Mvumi
Kaandika Marenga Mk'hali. Kuna Ugogi, Ziwa, Kifukuru, Kanyenye, K'hok'ho, Mdaburu, Mgunda Mk'hali. Ziwa naelewa. Hizo alama katikati ya herufi ni za nini? Na marenga ni nini, washairi?

#28 Mpwapwa Juu
Mgogo unauliza malenga! Kwa Kigogo malenga ni maji. Malenga makali, maji machungu yenye chumvi. Yeye kasikia R au kaamua kuandika R, basi. Nyika ile mpaka leo ukichimba kisima unaweza kunywa ukajuta.

#29 Mwana wa Mvumi
Nimekaa na neno hilo mwezi mzima nikiwafikiria malenga wa ushairi. Mama angenisikia angenifinya. Kigogo cha nyumbani nakijua kwa sikio, kwenye karatasi nakipita kama sikijui.

#30 Nyota ya Manyoni
Malenga wa maji na malenga wa mashairi wamekutana kwa Mnyampala, maana ndiye aliyetuletea ngonjera na kuongoza chama cha washairi cha UKUTA.

Kuhusu herufi, mnasahau jina lilivyosafiri. Mmoja wa wakalimani wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akaishi India. Na Burton na Speke alizungumza nao Kihindustani. Sasa fuata njia: Mgogo anataja kwa Kigogo, mpagazi anamwambia Bombay kwa Kiswahili, Bombay anamwambia bwana kwa Kihindustani, bwana anaandika kwa herufi za Kiingereza. Mimi nashangaa yaliyosalimika.

#31 Binti Kondoa
Sikubali sana. Burton alikuwa na sikio la lugha, alijua Kiarabu vizuri na lugha nyingine nyingi. Ile alama na H nadhani alikuwa anajaribu kuonyesha pumzi anayoisikia kwenye K. Hakuandika ovyo. Stanley ndiye aliyerahisisha, yeye anaandika Marenga Mkali tu.

#32 Mzee wa Kongwa
Yote mnayosema yana nafasi, lakini mmetafuta kosa kwenye kalamu tu. Je, kama aliandika sawa na kijiji ndicho kilichohama?

Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma. Tulikusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Mtu alilala kwenye tembe ya babu yake, wiki iliyofuata yuko kando ya barabara kwenye kiwanja kilichopimwa kwa kamba. Jina la mahali lilibaki kwenye mahame, kwenye mbuyu na jiwe la kusagia. Watoto waliozaliwa kijiji kipya walijifunza jina jipya. Kwa hiyo unaposhindwa kulipata jina la 1857, usiseme haraka mzungu kakosea. Uliza kwanza nani alikuwa anakaa pale na alikwenda wapi.

Na mengine yalikuwa majina ya watemi. Mtemi akifa, msafara unaofuata unakuta jina jingine.

#33 Kijana wa Makole
Mzee, kumbe. Nyumbani Ihumwa kuna sehemu wanaiita mahameni, sikuwahi kuuliza nani alihama.

#34 Zabibu ya Hombolo
Mimi nataka kuuliza la hongo. Nimesoma Stanley kidogo, kila anapofika Ugogo analalamika ametozwa hongo. Ina maana sisi ndio tulioanzisha rushwa?

#35 Binti Kondoa
Hapana! Hilo neno limebadilika njiani. Karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtemi. Hakufichwa mtu. Ilijadiliwa mchana kweupe mbele ya wazee, kwa doti za merikani na kaniki, shanga na masango, yaani nyaya za shaba. Doti moja ni mikono minane ya nguo. Maana ya kumpa ofisa kwa siri ni ya baadaye.

#36 Mwana wa Mvumi
Burton naye analalamika hivyohivyo. Ukimsoma yeye peke yake unaona Wagogo ni watu wa kunyang'anya. Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta Mnyampala. Nilitaka kusikia upande wa mwenye kisima.

#37 Mzee wa Kongwa
Mwanangu, wa kisima nakupa mimi.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka hazifiki milimita 600. Kuanzia Agosti maji yako chini ya mchanga wa korongo. Bibi yangu alikuwa anaondoka alfajiri na kibuyu na kata. Anachimba mchanga mpaka anaingia kiunoni, kuta zinamong'onyoka, anazizuia kwa miti. Chini anakaa kusubiri maji yachujike. Kata moja, anasubiri. Kata nyingine, anasubiri. Kibuyu kikijaa jua liko utosini. Na ng'ombe bado hawajanywa.

Burton kapita mwishoni mwa kiangazi. Sasa weka msafara wa watu mia na zaidi, na punda wao, wafike kisima hicho siku moja. Wakiondoka, kijiji kinakunywa nini kesho? Na chakula pia, mtama na uwele waliokuwa wananunua ndiyo akiba ya mpaka mvua. Mtemi alikuwa anauza kitu adimu kuliko vyote alivyokuwa navyo. Mgeni kaandika kwamba alitozwa ghali. Hakukaa mpaka Novemba aone gharama ya alichokunywa.

#38 Kijana wa Makole
🙌🙌 Mzee andika kitabu.

#39 Nyota ya Manyoni
Heshima yako mzee, lakini sisi wa huku tuna upande wetu. Wazungu ni wachache waliopita. Wengi walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani, na wote walisimamishwa. Babu zetu walikuwa wanasimulia Ugogo kama mahali pa kukaa na njaa. Mjadala wa hongo unakwenda siku tatu, nne, mpagazi anakula posho yake huku hatembei. Posho ikiisha anauza shanga zake mwenyewe. Kwa mpagazi, mtemi aliyezidisha na bwana asiyetaka kulipa walikuwa sawasawa.

#40 Mzee wa Kongwa
Nalipokea hilo. Walikuwepo watemi waliozidisha, sikatai.

#41 Mpwapwa Juu
Tazameni, tumemaliza siku nzima na hoja hii haipo kwenye kitabu cha 1860 wala haitoki maktaba yoyote. Ya Mzee wa Kongwa na ya Nyota nani kayaandika?

#42 Mkutubi Mstaafu
Ndiyo hofu yangu. Na msidhani kuwekwa kwenye kompyuta ya watu wengine ndiyo usalama. Oktoba 2023 maktaba hiyohiyo ya Uingereza ilivamiwa na wadukuzi, huduma zake za mtandaoni zikakatika kwa miezi. Watu walikuwa na vitabu ghalani na hawawezi kuviagiza, maana katalogi imezimwa. Nakala ziwe nyingi na ziwe mahali pengi.

#43 Kijana wa Makole
Wakuu, nimempigia babu Ihumwa. Anasema kwenye sanduku lake kuna kitabu cha Wagogo hakina jalada, anadhani ndicho. Nakwenda Jumamosi. Nikipige picha vipi bila kukiharibu?

#44 Mwana wa Mvumi
Moyo umenidunda. Usije ukamkopesha mtu kitabu hicho!

#45 Fundi Chapa
Usikilaze wazi kabisa, gundi ya mgongo itapasuka. Kifungue nusu, pembe kama ya kitabu cha nyimbo kanisani, upande mmoja uegemee kitu. Mwanga wa dirishani asubuhi, usiwashe taa ya simu, itang'aa katikati ya ukurasa. Piga kurasa zote za kulia mpaka mwisho, ndipo urudi za kushoto. Mchwa wakiwemo usikikung'ute, fagia kwa brashi ya rangi laini. Na usibandike selotepu hata kama ukurasa umechanika vipande.

#46 Mkutubi Mstaafu
Na piga picha hata kurasa zisizo na kitu, na kila kilichoandikwa kwa mkono.

#47 Wakili wa Area D
Kupiga picha kwa kujisomea hakuna tatizo. Kuchapa kwa kuuza tuzungumze kwanza, na familia yake wahusishwe.

#48 Kijana wa Makole
Nimerudi. NDICHO. Kinaanza ukurasa wa 7, kurasa za mbele zimeliwa. Nimepata picha zote zilizobaki. Babu alikuwa anashika pazia mimi napiga, saa tatu nzima.

Sasa kuna jambo. Sehemu ya koo, pembeni, kuna mtu kaandika kwa penseli karibu kila ukurasa. Mahali pengine kaweka tiki. Mahali pengine kakata jina na kuandika jingine. Kuna ukurasa kapiga mstari aya nzima, chini yake: "Siyo hivyo. Muulizeni mama."

Babu anasema mwandiko si wake. Kitabu alipewa na kaka yake, ambaye alishafariki. Mama anayetajwa, kama ni mama yao, alizaliwa kabla ya njaa ya Mtunya, ile iliyokuja na vita ya kwanza ya dunia.

#49 Binti Kondoa
Aya gani hiyo? Inasema nini?

#50 Kijana wa Makole
Inahusu ukoo wetu walikotoka. Babu kaisoma mara mbili akanyamaza, akasema nirudi Jumapili, atakuwa amemwita shangazi yake kutoka Buigiri. Ndiye aliyebaki.

#51 Mwana wa Mvumi
Jumapili saa ngapi? Nakuja na daftari.